Shamba la kinkina na orodha ya Financial Times



Leo nazungumzia karatasi mbili. Ya kwanza ni orodha ambayo gazeti la Financial Times la London hutoa kila mwaka kupanga masta za fedha: shule ya kwanza, ya pili, mpaka chini. Ya pili ni brosha ya kurasa 24 ambayo shule moja ya watu binafsi ya Paris ilinitumia mwezi wa tatu, pamoja na barua ya kunikubali. Jina la shule hiyo nitaliacha. Nimezisoma zote mbili zaidi ya mara moja, na kalamu mkononi, juu mzee wangu alikuwa tayari kuuza shamba lake la Kabare kwa ajili yake. Sisi wa agronomia tunajua kusoma lebo ya mfuko wa mbegu mbele ya kununua. Sasa mbona masta ya euro elfu kumi na kitu tunainunua kwa kutazama picha?

Nianze na orodha. Haiko karatasi ya uwongo, tusiionee. Shule inayoingia lazima iwe na kibali cha EQUIS ao AACSB, wahitimu wenyewe wanajibu maswali, na namna ya kuhesabu inatangazwa wazi, kila mtu anaweza kuisoma. HEC Paris imekaa juu miaka mingi. Wafaransa wengine, ESCP, ESSEC, EDHEC, SKEMA, hawako mbali, kisha unakuta St. Gallen ya Uswisi, Bocconi ya Milano, Oxford. Mtu akikuambia kwamba hizo ni shule mbaya, usimsikilize.

Lakini angalia kinachopimwa. Kinachobeba uzito mkubwa pale ni mshahara: mshahara wa muhitimu miaka 3 kisha kumaliza, na namna ulivyopanda tangu kazi ya kwanza. Na ile dola unayoiona kwenye safu ya mshahara haiko dola ya mfukoni. Inapitishwa kwanza kwenye hesabu ya uwezo wa kununua, yaani mtu anayelipwa rupia kule Mumbai, mshahara wake unakuzwa juu maisha ya kule ni nafuu kushinda ya New York. Hesabu yenyewe ina maana kwa mtu anayetaka kulinganisha miji. Ila ukisoma ile safu ukafikiri ni pesa inayoshuka kwenye konti kila mwisho wa mwezi, umejidanganya mwenyewe, gazeti halikukudanganya.

Na mimi nilijidanganya hivyo. Nilichukua namba ya mshahara, nikatoa minervali, nikatoa chakula na nyumba, nikamuonyesha mzee kwamba shamba litarudi kisha miaka 2. Nilifanya hesabu ile kwenye Excel, na rangi. Leo nikiifungua naona haya.

Kosa langu lilikuwa lile ambalo profesa wa biometria alitukataza kuanzia wiki ya kwanza. Pale Mulungu, kwenye kituo cha INERA, aina mpya ya maharagwe inapandwa kwenye udongo mzuri, inapewa mbolea, inapaliliwa kwa wakati, inatoa mavuno ya kupendeza. Ukibeba mbegu ileile mpaka kwenye shamba la mama mmoja wa Walungu, kwenye kilima chenye asidi, mavuno ni mengine kabisa. Ndiyo sababu jaribio la kweli lina parseli ya kulinganisha, ile isiyopewa kitu, ili ujue mbegu ilileta nini na udongo ulileta nini. Orodha ya Financial Times haina parseli ya kulinganisha. Wanaoingia HEC Paris wengi wao walishachujwa kwa mitihani migumu, wanaongea lugha tatu, walishafanya staji kwenye benki, na wana paspoti inayovuka mpaka bila kuulizwa. Wangepata mshahara gani kama wangesoma mahali pengine? Hakuna aliyepima. Tunasoma mavuno, tunayaita mbegu, na udongo hatuuoni.

Sisi udongo wetu unaanza na neno moja dogo: lisansi. Sisi wa sistemi ya zamani tulifanya miaka 5, G1, G2, G3, kisha L1 na L2. Wadogo wetu wa LMD wanafanya miaka 3 na wanapewa diploma yenye neno lilelile. Mtu wa ofisi ya uandikishaji huko Ulaya anasoma "licence", anahesabu miaka 3, anakuweka pamoja na mtoto wa miaka 21. Iko yunivasti moja iliyonijibu hivyo bila kufungua karatasi za pointi. Njo maana ninawaomba wote wa sistemi ya zamani: tumeni diploma zote mbili, ya graduat na ya lisansi, karatasi za pointi za miaka yote 5, na barua ya fakilte inayoeleza idadi ya miaka na ya masaa. Msingoje waulize, hawaulizi. Wanakataa tu.

Kisha linakuja swali la masomo yenyewe. Masta nyingi za fedha zinataka uwe umeshafanya kiasi fulani cha uchumi, hesabu na takwimu. Mtu akiona "agronomia" anawaza jembe. Kumbe tuko na hesabu ya G1, tuko na takwimu, biometria, uchumi wa vijijini, na wengi wetu tumefanya memwari iliyojaa namba kushinda za watu wa uchumi (watanisamehe). Lakini bila kuandika somo kwa somo, na masaa yake na yaliyofundishwa ndani, hakuna atakayejua. Hiyo ni kazi ya wiki mbili, na inachosha. Ila inaleta jibu kushinda kukesha ukijiuliza kama shule ya 7 inapita ya 9.

Sasa brosha. Kurasa 24, picha 17. Wanafunzi wanacheka juu ya paa, nyuma yao mnara wa Eiffel. Skrini za soko la hisa zenye mistari ya kijani na nyekundu. Ukurasa wa 6 kuna neno "excellence" mara nne. Walimu hawatajwi, wanaitwa tu "wataalamu wa sekta". Saa ngapi za hesabu kwa wiki? Hakuna. Wangapi walianza mwaka uliopita, wangapi walimaliza? Hakuna. Bei iko ukurasa wa 23, kwa maandishi madogo.

Lakini kitu cha kusomwa kwa makini kushinda vyote kiko kwenye kichwa cha programu: "Mastère". Yenye è, na e ya mwisho. Nilipita juu ya lile neno mara kumi bila kuliona, nikifikiri ni namna ya kupamba. Nchini Ufaransa "master" ni diploma ya taifa, inalindwa na sheria, na si kila shule inaruhusiwa kuitoa. "Mastère" peke yake haina ulinzi huo. Iko "Mastère Spécialisé" yenye lebo ya Conférence des Grandes Écoles, hiyo ni kitu cha kuheshimiwa. Lakini "mastère" kavu, isiyo na lebo, shule yoyote ya binafsi inaweza kuiandika kwenye mlango. Mara nyingi nyuma yake kuna cheti cha kazi kilichoandikwa kwenye rejesta ya taifa, ile RNCP, kwa kiwango cha 7. Cheti hicho kina faida yake kwa Mfaransa anayetafuta kazi kwao. Haikigeuzi kuwa master. Ukitaka kuendelea na doktora, mlango ni mgumu. Na ile ruhusa ya kukaa miezi 12 kutafuta kazi kisha masomo inatolewa kwa diploma zilizo kwenye orodha ya serikali. Mastère isiyo na lebo haimo. Kwa mtu wa Bukavu anayeuza shamba akitegemea mwaka ule mmoja wa kutafuta kazi ili alipe deni, herufi ile moja ni shamba zima.

Niliwaandikia swali moja tu: diploma yenu inatoa "grade de master", ndiyo ao hapana? Jibu lilikuja siku ileile, lenye adabu sana: "Programu yetu inatambuliwa na serikali." Chini yake, linki ya kulipa. Euro 4,000 za kwanza katika siku 21, la sivyo nafasi inapewa mwingine. Kilichoandikwa pale ni kweli tupu, na swali langu halikujibiwa. Hapo nilianza kuiogopa brosha.

Mzee alikuwa ameshamwita mnunuzi. Shamba la Kabare lina miti ya kinkina ambayo aliipanda mwenyewe nikiwa shule ya msingi, na migomba pembeni. Kinkina inaomba uvumilivu, unapanda leo unavuna ganda kisha miaka mingi, na ile miti ilikuwa karibu. Mnunuzi alijua hivyo, ndiyo maana alikuwa na haraka. Hata njia ya kutuma pesa ilikuwa shida yake mwenyewe: tangu benki za Bukavu zilipofunga milango mwanzo wa 2025, mtu anayetaka kufanya malipo ya benki anavuka Ruzizi kwenda Kamembe. Jaribu kuona picha: kijana anabeba dola za shamba la baba yake, anavuka mpaka kutafuta benki, ili alipe shule itakayomfundisha benki. Mzee aliniuliza swali moja, akiwa amekaa kwenye kiti chake cha barazani: "Mwanangu, njo masomo gani ile inaomba makuta mbele ya kukuuliza unajua nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimuomba aniachie wiki tatu.

Katika zile wiki tatu nilijifunza kwamba bei na nafasi kwenye orodha hazitembei pamoja namna tunavyofikiri. Masta ya fedha ya London School of Economics inapita pauni 40,000. Ya HEC Paris inapita euro 35,000. Lakini St. Gallen, ambayo haishuki mbali na kileleni, ni yunivasti ya serikali: mgeni analipa zaidi kidogo ya faranga za Uswisi 3,000 kwa muhula. Anayetoka nje anatakiwa kuonyesha GMAT ao GRE, na maisha ya Uswisi ni moto, lakini minervali yenyewe ni ndogo kushinda ya ile shule yangu ya paa na mnara. Lausanne ni faranga 580 kwa muhula. Goethe ya Frankfurt haiombi minervali, inaomba mchango wa muhula wa euro mia kadhaa. Ujerumani inachoomba ni konti iliyofungwa, euro 11,904 kwa mwaka tangu Septemba 2024, na hizo ni zako, unazila mwenyewe mwezi kwa mwezi. Kisha diploma wanakupa miezi 18 ya kutafuta kazi. Ufaransa, kwenye yunivasti za serikali, bei ya wageni kwa masta iliwekwa mnamo 2019 kuwa euro 3,770 kwa mwaka, na yunivasti nyingi ziliamua kusamehe sehemu kubwa yake.

Hapa niwaonye juu ya jina HEC, juu nimeshaona watu wanachanganya. HEC ni Hautes Études Commerciales, basi. HEC Paris ni kitu kimoja. HEC Lausanne ni fakilte ya Yunivasti ya Lausanne. HEC Liège ni shule ya usimamizi ya Yunivasti ya Liège. HEC Montréal iko Kanada. Hazina mama mmoja. Mtu akikuambia "nimepata HEC", muulize mji gani, na usimcheke, maana ya Liège inaweza kumfaa kushinda ya Paris.

Na kwa nini nasema hivyo? Ubelgiji ya Kifaransa ina sheria ambayo wengi wetu hatuijui. Mwanafunzi wa nje ya Ulaya kwa kawaida analipa minervali iliyoongezwa, lakini nchi zilizo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zimesamehewa nyongeza hiyo. Kongo imo. Kwa miaka hii ya karibuni ilikuwa na maana ya euro 835 kwa mwaka, sawa na Mbelgiji. Ndiyo orodha pekee ambayo nimefurahi kukuta jina la nchi yetu. Gembloux, ambayo kila mtu wa agronomia anaijua toka kwenye vitabu vya maktaba yetu, ni fakilte ya Yunivasti ileile ya Liège. Yaani jumba lenye HEC Liège limeshazoea diploma za agronomia na pengine limeshaona za Kongo. Shida inabaki ile ya viza ya Kinshasa, tikiti ya ndege, na kupata mdhamini wa kusaini ile annexe 32. Sisemi ni rahisi. Nasema ni shida ambayo haiuzi shamba lote.

Niseme pia juu ya yaliyomo, kwa sababu brosha na orodha zote zinanyamaza hapo. Masta za juu zinafundisha kuthamini kampuni, kununua na kuunganisha kampuni, bondi, opsheni, hesabu za hatari. Ni elimu nzuri, na mtu wa agronomia asijidharau mbele yake: soko la Chicago lilianzishwa 1848 na wafanyabiashara wa nafaka, na mikataba ya kuuza mavuno yajayo ilikomaa hapo kwenye mahindi na ngano. Mpaka leo arabika ya Kalehe na ya Idjwi inafuata bei ya New York, senti kwa ratili moja, na wakulima wetu hawajui nani anaipandisha. Mtu akiniuliza nataka fedha ya namna gani, jibu liko hapo. Nataka kuelewa bei ile. Na nataka kuelewa kwa nini mikopo huku inarudishwa kila mwezi wakati maharagwe yanangoja miezi 3 shambani, na muhogo mwaka ao zaidi. Mama anayekopa mwanzo wa msimu A analipa mwezi wa kwanza kwa kukopa kwa jirani. Hiyo ni hesabu ya fedha yenye kosa ndani, na inaweza kurekebishwa na mtu anayejua mambo mawili pamoja, bondi na maharagwe.

Kwa swali hilo, orodha ya London haina safu. Bruxelles na Mons walishirikiana kufundisha masta ya mikrofinansi, na ARES, shirika la yunivasti za Ubelgiji ya Kifaransa, liliiweka kati ya programu zenye burse kwa nchi zetu. Geneva ina masta ya biashara ya mali ghafi, ila lazima upate kampuni ya biashara itakayokuchukua, na hapo mtu asiye na jamaa Uswisi anakwama. (Kwa Kifaransa "bourse" ni pesa ya kusomea na ni soko la hisa pia. Mwaka wa kwanza nilisikia profesa anasema bei za bourse zimeanguka, nikahurumia wanafunzi.)

Rafiki mmoja wa uchumi alisoma rasimu ya maandishi haya akasema: "Yaya, unaongea kama mtu aliyekosa nafasi. Jina kubwa linafungua milango, wewe unaleta udongo." Ana haki nusu. Mtu wetu akipata HEC Paris ao LSE na burse nzima, aende, na tutamsindikiza kwa ngoma. Lakini burse zenyewe zina masharti yake. Ile ya Eiffel ya serikali ya Ufaransa, kwa masta, inataka mtu asipite miaka 25, na shule ndiyo inayopeleka jina lako. Mimi nina 28. Wengi wetu, pamoja na migomo na miaka iliyopotea, tunamaliza lisansi tukiwa tumeshapita umri huo. Anayebaki na jina kubwa bila burse anabaki na shamba la mzee.

Mpaka leo nimepeleka dosie mbili, Liège na Frankfurt, na sijajibiwa. Ile ya Paris niliiacha siku ya 19. Walinipigia simu mara tatu, mara ya mwisho wakanipa punguzo la euro 1,500, na hapo ndipo nilihakikisha kwamba sikukosea. Mnunuzi wa shamba naye bado anampigia mzee, kila juma ya pili.

Kama kuna mwenzetu wa agronomia aliyepita HEC Liège ao Louvain kwenye masta ya usimamizi yenye upande wa fedha, ninamuomba atuandikie: walimhesabia miaka mingapi, walimuongezea masomo gani ya kutangulia, na karatasi za pointi zilitakiwa kupigwa muhuri na ofisi gani.